Maji ya Mgonjwa Yasimwagwe Kabla ya Kuulizwa

Kila alfajiri hapa Ndanai, katika kaunti ya Bomet, ukungu ukiwa bado umelalia mabonde na wachuma chai wakiwa ndio kwanza wanajitwika vikapu vyao migongoni, utawaona wazee kwa vijana wakiteremka kwa miguu, kwa punda na kwa pikipiki, kila mmoja na mkebe wake wa maziwa, hadi kituo cha kando ya barabara, ambako karani huchota kidogo katika kila mkebe, akatumbukiza laktomita, akatazama mstari ulikofikia, kisha ndipo akakubali au akakataa. Hakuna mkulima anayeona haya kupimiwa maziwa yake, wala hakuna karani anayethubutu kuyamwaga kabla hajayapima, kwa kuwa wote wawili wanajua ya kwamba jicho peke yake halina uwezo wa kutenga maziwa halisi na yale yaliyotiwa maji, na ya kwamba kitu cha majimaji, kikiulizwa kwa chombo kinachokifaa, hutoa habari ambayo rangi yake imeificha.

Nimeitaja desturi hii kwa sababu ya chupa moja ambayo haijanitoka moyoni. Miaka kadhaa iliyopita baba yangu mdogo, mtu wa ng'ombe watatu na shamba dogo la chai, alianza kuhema kwa taabu kila alipopanda kilima. Hakuwa akikohoa sana, wala hakutema damu. Alikuwa na homa ya jioni, jasho la usiku, na mchomo upande wa kulia kila alipovuta pumzi. Katika hospitali moja alipigwa picha ya kifua, ikaonekana kwamba upande mmoja umejaa maji. Akadungwa sindano mgongoni, baina ya mbavu, akatolewa maji ya manjano kiasi cha kujaza chupa kubwa, naye akapata nafuu saa ile ile. Nilikuwa nimesimama karibu, nikauliza, "Daktari, maji haya yanapelekwa wapi?" Akanijibu kwa upole, "Hayo ni ya kumwaga tu, ndugu yangu. Muhimu ni kwamba mzee sasa anapumua." Chupa ikakaa dirishani hadi magharibi, kisha mtumishi akaja akaichukua na kuimwaga. Haikutimia wiki ya nne maji yakajaa tena, na mzee amekonda mpaka shati lake likawa kama limetundikwa juu ya mti; na ilikuwa katika hospitali ya pili, maji yalipopelekwa maabara, ndipo kilichokuwa kikimla kikajulikana. Kilikuwa kifua kikuu, ila hakikukaa ndani ya pafu, kilikaa katika utando unaolizunguka.

Simtaji daktari yule kwa nia ya kumlaumu, maana alikuwa na wagonjwa wengi mlangoni na vifaa vichache mkononi, na pumzi aliyomrudishia mzee wetu ilikuwa fadhila ya kweli. Lakini neno nililo nalo leo latokana na chupa ile, nalo ni hili: maji yanayotolewa katika kifua, tumboni, katika utando wa moyo au katika uti wa mgongo wa mgonjwa ni amana, na mwenye kuyamwaga kabla ya kuyapima amefanya kwa mwanadamu jambo ambalo sisi wenyewe hatukubali lifanywe kwa maziwa ya ng'ombe wetu.

Ni lazima kwanza tuondoe dhana moja iliyotia mizizi. Jina lenyewe la kifua kikuu limetufunza kuyatafuta maradhi haya kifuani tu, na kampeni zetu zote, katika mabango, redio na baraza za chifu, zimetuambia tumtazame mtu anayekohoa kwa wiki mbili na zaidi. Hayo ni kweli, na kwayo watu wengi wameokolewa. Walakini viini vya maradhi haya, vikishaingia kwa njia ya pumzi, vyaweza kuchukuliwa na damu na kupelekwa popote: katika tezi za shingo, katika utando wa pafu, wa tumbo na wa moyo, katika pingili za uti wa mgongo, katika figo, na, balaa kubwa kuliko yote, katika utando wa ubongo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, takriban mgonjwa mmoja katika kila sita wanaoandikishwa ulimwenguni ana kifua kikuu cha nje ya mapafu. Mgonjwa wa namna hii aghalabu hakohoi, hana makohozi ya kupeleka kituoni, na ukimwambia ateme atatema mate matupu. Hata uchunguzi mkubwa uliofanywa nchini Kenya katika miaka ya 2015 na 2016, ambao ulitujulisha kwamba katika kila watu wazima 100,000 kuna wagonjwa wapatao 558, na ya kwamba wengi miongoni mwao hawajulikani na yeyote, uliwatafuta wenye maradhi ya mapafu peke yao. Ikiwa mwenye kukohoa tumemkosa kwa wingi kiasi hicho, basi yule asiyekohoa tumemkosa kwa wingi gani?

Maarifa ya kuuliza maji ya mwili yalianza zamani, tena yalianza kwa watu waliojua vyombo. Mwaka 1761 tabibu mmoja wa Austria, Leopold Auenbrugger, aliyekuwa mwana wa mwenye nyumba ya wageni, aliwafundisha wenzake kugonga kifua cha mgonjwa kwa vidole na kusikiliza mahali sauti inapogeuka kuwa nzito, kama vile wauza mvinyo wanavyogonga pipa wapate kujua limejaa hadi wapi. Na bibi yeyote wa Kipsigis anayegonga kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kabla ya kukifungua atamwelewa tabibu yule bila mkalimani. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch akatangaza mjini Berlin kwamba amekiona kiini chenyewe cha kifua kikuu, na mwaka 1891 Heinrich Quincke akaonyesha namna ya kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Kwa hiyo kabla karne ya kumi na tisa haijafunga mlango wake, dunia ilikuwa imekwisha kujua maji yako wapi, namna ya kuyafikia, na kiini cha kutafutwa ndani yake. Kilichobaki ni tatizo ambalo linatutesa mpaka leo, nalo ni kwamba kiini hicho ndani ya maji ni adimu mno.

Nitaeleza uadimu wake, kwani hapo ndipo shauri lote linaposimama. Ili mtaalamu wa maabara akione kiini cha kifua kikuu kwa hadubini, yapasa katika kila mililita ya kinachopimwa viwemo viini vipatavyo 5,000 hadi 10,000. Makohozi ya mtu ambaye pafu lake limetoboka huwa navyo, tena kwa mamilioni. Lakini maji yanayojaa kati ya pafu na mbavu hayatokani na wingi wa viini. Hutokana na ghadhabu ya mwili wenyewe unapopambana na viini vichache vilivyoingia katika utando, na kwa hiyo chupa nzima ya maji yaweza kuwa na viini vya kuhesabika. Hadubini ikitumiwa kwa maji hayo huviona kwa wagonjwa wasiofika hata kumi katika mia. Kuviotesha kwaweza kuvidhihirisha vingi zaidi, maana huko viini mia, au hata kumi tu, vyatosha kuchipuka, ila viini hivi hukua kwa uvivu mkubwa, na jibu hungojewa kwa wiki kadhaa ilhali mgonjwa anazidi kudhoofu kitandani.

Hapo ndipo busara ya maabara ilipogeuza swali. Kama mwizi haonekani, na aulizwe aliyepigana naye. Maji ya kifua cha mwenye maradhi haya huwa na protini nyingi, na chembe nyeupe za damu zilizomo aghalabu ni za aina ya limfositi, ambazo ndizo askari wa vita virefu. Tangu mwaka 1972, kwa kanuni iliyowekwa na Richard Light na wenzake, tabibu akilinganisha protini ya maji na ile ya damu aweza kujua kama maji yale yametokana na uvimbe na maradhi ya utando, au yamevuja tu kwa sababu moyo, ini au figo imechoka. Tena tangu mwaka 1978 imejulikana kwamba chembe nyeupe, zikiwa katika pambano na kifua kikuu, huacha katika maji wingi wa kimeng'enya kiitwacho adenosini diamineza, ambacho watu wa maabara hukiita kwa herufi zake tatu, ADA. Kikipimwa na kuonekana kimepita uniti 40 kwa lita, katika maji yenye limfositi nyingi na kwa mtu wa nchi ambayo kifua kikuu kimeenea kama yetu, dalili huwa na nguvu kubwa, kwani kipimo hiki huwatambua wapatao tisa katika kila kumi; nacho hakihitaji mashine ya ajabu, hutaka dawa za kupimia na chombo cha kusoma rangi ambacho maabara nyingi za hospitali tayari zinacho kwa ajili ya vipimo vya sukari na vya ini. Insafu yataka niseme pia aibu yake: kimeng'enya hiki huweza kupanda kwa mwenye usaha kifuani, kwa mwenye saratani ya tezi, na kwa mwenye baridi yabisi, na kwa hiyo kisichukuliwe kuwa kauli ya mwisho peke yake. Vilevile hakiwezi kutwambia kama viini vinasikia dawa au vimekuwa sugu.

Habari za usugu hutolewa na mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mnamo Desemba 2010, nayo husoma asili ya kiini yenyewe na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, pamoja na kueleza kama dawa kuu ya rifampisini ingali inakiweza. Mwaka 2013 shirika hilo likaruhusu itumike pia kwa maji ya uti wa mgongo na kwa vipande vya tezi na nyama nyingine, na mwaka 2017 ikaja katriji mpya (kile kisanduku kidogo kinachotiwa sampuli), iitwayo Ultra, yenye jicho kali zaidi. Mashine hizi zimeenea Kenya, na ni neema. Walakini kuna kosa linalofanyika mahali pengi, tena na watu wenye nia njema, la kudhani kwamba mashine ikisema haikuona, basi maradhi hayapo. Katika usaha wa tezi, mashine huviona viini kwa zaidi ya wagonjwa wanane katika kumi. Katika maji ya uti wa mgongo, katriji ya kwanza huviona kwa wapatao saba katika kumi. Bali katika maji ya kifua, katriji hiyo hiyo huwakosa nusu ya wagonjwa ambao kiini chao baadaye huota maabara. Kwa hiyo jibu la "kipo" ni yakini ya kushika, na jibu la "hakikuonekana" ni ukimya wa shahidi, na ukimya wa shahidi haujapata kuwa ushahidi wa lolote. Tabibu mwenye hadhari huyaweka mezani yote pamoja, protini, chembe, ADA, mashine, picha, homa ya jioni, na jamaa aliyeugua nyumbani mwaka juzi, ndipo akahukumu.

Sasa nataka kusema juu ya maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa hapa kizuizi hakiko maabara, kiko vinywani mwetu. Ni mara ngapi tumesikia matangani mtu akinong'ona kwamba marehemu aliuawa na sindano ya mgongoni, au mama akiondoka na mtoto wodini usiku kwa kuogopa kwamba atalemazwa? Uti wa mgongo, kwa maana ya ule mshipa mkuu wa neva, humalizikia juu ya mahali sindano inapoingizwa, na penye sindano pana maji na nyuzi za neva zinazoelea humo na kuipisha. Kinachoua ni kifua kikuu cha utando wa ubongo, ambacho huanza taratibu kwa maumivu ya kichwa, kutapika, na mtoto kuwa mnyonge asiyetaka kucheza, kisha baada ya wiki moja au mbili shingo hukazana na fahamu hupotea. Familia nyingi hukataa sindano siku ya tatu na kuikubali siku ya kumi na tano, na mgonjwa akifa siku ya kumi na sita hukumu hutupiwa sindano. Maji hayo, yakitolewa mapema, huwa na limfositi, protini iliyozidi na sukari iliyopungua, na hayo matatu pamoja humpa tabibu ruhusa ya kuanza dawa siku hiyo hiyo asingojee kiini kionekane, kwa sababu katika maradhi haya siku moja ya kungoja yaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya mtoto atakayerudi shule na mtoto asiyeweza tena kushika kijiko. Chanjo ya BCG wanayochomwa watoto wachanga hukinga zaidi maradhi haya ya ubongo, nayo ni sababu ya kutosha ya kutokubali hata mtoto mmoja aikose.

Kwa ndugu zetu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao kinga yao imepungua na ambao kifua kikuu hupenda kujificha nje ya mapafu yao, kuna maji mengine ya kuulizwa yasiyohitaji sindano yoyote, nayo ni mkojo. Kipimo cha LAM, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2015 na kupanua matumizi yake mwaka 2019, hutumia kikaratasi na matone ya mkojo, na hutoa jibu kwa dakika 25 kando ya kitanda. Ni kipimo cha mgonjwa aliye taabani asiyeweza kutoa makohozi wala kusafirishwa, na kukosekana kwake katika wodi yenye wagonjwa wa namna hiyo ni taksiri isiyo na udhuru.

Wako watakaonijibu kwamba, maadamu kifua kikuu ni kingi na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma, ni rahisi zaidi kumpa dawa kila mwenye maji kifuani au tumboni, tuokoe gharama za vipimo. Hoja hii ina huruma ndani yake, na tabibu asiye na maabara karibu hana budi wakati mwingine kufanya hivyo. Lakini isigeuzwe kuwa kanuni. Maji ya tumbo yaweza kuwa ya ini lililokauka. Maji ya kifua yaweza kuwa ya moyo, ya nimonia, au ya saratani. Na sisi wa kaunti ya Bomet hatuhitaji kukumbushwa habari za saratani, kwani matabibu wa Hospitali ya Tenwek wamekuwa wakiandika kwa miongo mingi juu ya wingi wa saratani ya umio katika nchi hii ya vilima, hata kwa watu wa umri mdogo. Kumpa mtu kama huyo vidonge vya kifua kikuu kwa miezi sita ni kumnyang'anya miezi sita ya tiba yake halisi, na kumtwisha dawa ambazo zaweza kudhuru ini lake bila faida. Maji yale yale yanayomtoa mtu katika shaka ya saratani ndiyo yanayomtoa mwingine katika shaka ya kifua kikuu, na katika pande zote mbili gharama ya kutojua ni kubwa kuliko gharama ya kipimo.

Na kwa kuwa nimeanza na maziwa, haifai niyaache bila kusema kwamba yenyewe pia ni njia. Ng'ombe wana kifua kikuu chao, ambacho kiini chake ni ndugu wa karibu wa kiini cha binadamu, na mtu anywapo maziwa mabichi yenye kiini hicho, maradhi aghalabu hujitokeza katika tezi za shingo au tumboni, nje ya mapafu. Fauka ya hayo, kiini cha ng'ombe kwa maumbile yake hakisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne ambazo mgonjwa huanza nazo, na GeneXpert haiwezi kukitenga na nduguye, hata tabibu asidhani chochote. Mursik ya mama aliyechemsha maziwa yake kabla ya kuyatia kibuyuni ni chakula cha heshima na siha. Ya yule aliyeona uvivu wa kuwasha moto ni hatari, na laktomita ya karani, pamoja na sifa zote nilizoipa, haina uwezo wa kuiona.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Mtu wa Ndanai anayeambiwa kwamba maji yake yanahitaji kipimo ambacho hakipo karibu hupewa barua, akaambiwa aende mwenyewe. Atapanda pikipiki hadi Sotik, atashika matatu hadi njia panda ya Kaplong, na kutoka hapo ataamua kama aelekee Kapkatet kwa njia ya Kericho, au Bomet ilipo Tenwek, au azidi mbele mpaka hospitali ya rufaa ya kaunti pale Longisa. Naye ni mtu ambaye pafu lake moja limezama. Wengi huishia nyumbani na ile barua chini ya mto wa kulalia. Lakini yanini asafiri mtu, hali kinachotakiwa ni vijiko vichache vya maji? Maziwa ya Ndanai hufika kiwandani kila siku bila ng'ombe kupandishwa gari. Chupa safi iliyofungwa vema, isiyotiwa formalini ambayo huua viini, na chupa ya pili yenye dawa ya kuzuia kuganda kwa ajili ya kuhesabu chembe, zikiwekwa katika sanduku la baridi na kupewa mwendesha pikipiki aliyefunzwa, zaweza kufika maabara kabla ya adhuhuri, na majibu yakarudi kwa simu ya daktari kabla ya usiku. Kiasi nacho kisidharauliwe: anayetoa maji ya uti wa mgongo akiridhika na matone machache huwapa wa maabara kazi isiyowezekana, ilhali mililita sita hadi kumi kwa mtu mzima, zikizungushwa kwa kasi mpaka vizito vitue chini, huongeza sana tumaini la kukiona kiini.

Fedha ndiyo itakayotajwa kwanza kuwa kikwazo, nami siipuuzi. Katriji moja ya GeneXpert, iliyokuwa ikiuzwa kwa nchi kama zetu kwa dola 9.98, iliteremshwa bei mnamo Septemba 2023 hadi dola 7.97, baada ya madai ya miaka mingi ya watu wa haki za wagonjwa. Mwaka 2025, Marekani ilipokata ghafla sehemu kubwa ya misaada yake, kazi za kifua kikuu zilitikisika katika nchi nyingi za Afrika, na usafirishaji wa sampuli ukawa miongoni mwa mambo yaliyoumia mapema. Tukajifunza kwa uchungu kwamba jambo linalotegemea mkoba wa ughaibuni halina msingi. Tangu mwaka 2013 hospitali za umma za huku ni mali ya kaunti, na kuanzia Oktoba 2024 bima yetu imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kwa hiyo wa kuombwa tunawajua, na wako karibu. Naiomba kaunti iweke kipimo cha ADA katika angalau maabara moja ya umma isiyokosa dawa za kupimia mwaka mzima, na ilipe safari za chupa kwa fedha zake yenyewe, kama inavyolipa mafuta ya magari ya wakubwa. Na naiomba Mamlaka ihesabu kutolewa maji na kupimwa kwa maji kuwa tendo moja lisilotenganishwa, ili asipatikane mtu aliyelipiwa sindano akakosa kulipiwa jibu. Picha ya kifua, nayo, isiwe mlango unaofunguliwa kwa wenye fedha tu, huku dawa ikiwa bure upande wa pili wa mlango huo huo.

Jambo hili halizidi uwezo wetu. Vijana wengi hawajui kwamba ile tiba ya miezi sita ambayo leo huponya watu Asia, Ulaya na Marekani ilithibitishwa kwanza kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, katika majaribio yaliyofanywa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walikubali kutibiwa kwa muda mfupi ili ijulikane kama dawa zitatosha, na zikatosha. Kabla ya hapo mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Nchi iliyoifupishia dunia tiba haistahili kumrefushia mtu wake muda wa kujua kama anaihitaji.

Baba yangu mdogo alimaliza vidonge vyake vya miezi sita bila kukosa hata siku moja, na uzito wake ukarudi, ingawa utando wa upande ule ulikwisha kuwa mnene kwa kucheleweshwa, na kilima chake hukipanda kwa kupumzika mara mbili. Bado hupeleka maziwa alfajiri. Nami nikimwona amesimama katika foleni ya mikebe, akingoja kwa utulivu laktomita ishuke na kusimama, huikumbuka chupa ya dirishani na maneno ambayo mimi sikuwa na ujasiri wa kuyasema siku ile. Nayaandika hapa ili ayatumie mwingine, mke kwa mumewe, mwana kwa mamake, jirani kwa jirani, pindi sindano itakapotolewa na chupa ikajaa: "Daktari, tafadhali yasimwagwe. Yanapelekwa maabara gani, yatapimwa nini, na majibu tuyafuate lini?"